Fundi Ni Wewe: Ya Kufanya na Kutofanya kwa Msafiri wa Pikipiki

Kutoka Itigi kupita Rungwa hadi Makongolosi, fundi ni wewe. Ukiiacha lami pale Marsabit ukashika njia ya magharibi kuelekea North Horr na Ziwa Turkana, fundi ni wewe. Hata kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma, ambako malori hayakatiki usiku na mchana, zipo sehemu ambazo si za kukaa ukimsubiri mtu. Ndani ya Hifadhi ya Mikumi barabara hiyo hupita takriban kilomita 50 katikati ya tembo, nyati na simba, na kwenye kona za Kitonga lori lililoishiwa breki halina pa kukukwepea.

Maagizo haya ni ya yule anayetoka mkoa hadi mkoa, au nchi hadi nchi, juu ya magurudumu mawili. Ni makali kwa makusudi. Watu wanalala porini kwa kukosa tyubu, na wengine wanaishiwa damu kando ya lami kwa sababu katika msafara mzima hakuna aliyebeba bandeji.

Panga mfuko kwa pikipiki yako, si kwa duka

Usinunue boksi la spana lililofungwa tayari ukadhani kazi imekwisha. Nusu ya vilivyomo havitagusa nati hata moja ya pikipiki yako, na spana utakayoihitaji kuliko zote haimo.

Fanya hivi. Wiki mbili kabla ya safari tandika turubai uani, isimamishe pikipiki, kisha fungua gurudumu la mbele, gurudumu la nyuma, plagi, kiti, betri na kichujio cha hewa. Kila kifaa ulichokitumia kiweke pembeni. Ukimaliza kurudisha vyote mahali pake, vilivyoko pembeni ndivyo mfuko wako. Usiongeze kingine kwa hofu, wala usipunguze kimoja kwa uvivu.

Pikipiki nyingi za Kijapani hutaka spana za 8, 10, 12, 14 na 17. Za Kijerumani zimejaa alenki na zile bolti zenye tundu la ncha sita, ambazo bisibisi nyota ya kawaida haiziwezi. Skrubu za Kijapani nazo zina umbo lao. Kwa macho ni nyota ile ile, lakini ukizilazimisha kwa bisibisi isiyo yake kichwa kinaliwa. Tafuta bisibisi yenye alama ya JIS. Nati ya ekseli ipime wewe mwenyewe, mbele na nyuma. Spana yake ni kubwa na nzito, ndiyo maana huachwa nyumbani, na bila hiyo gurudumu halitoki: tyubu zako, pampu yako na viraka vyako vyote ni mzigo wa bure.

Usitegemee ile mafundi waiitayo spana malaya. Inacheza, inakula pembe za nati, na nati iliyoliwa pembe haifunguki porini. Ibebe ya kushikilia upande wa pili wa bolti, basi.

Usibebe vifaa vya kazi isiyofanyika kando ya barabara. Hakuna anayefungua kichwa cha injini kwenye vumbi la Rungwa, akakirudisha, na injini ikawaka. Injini ikifa kabisa unahitaji lori, au mwenzako wa kukuvuta. Kwa hiyo beba kamba ya kuvutia, na ujue kuitumia. Kwenye pikipiki inayovutwa, usiifunge kamba kwenye fremu wala kwenye usukani. Izungushe kwenye kikanyagio cha mguu na uikanyage kwa buti. Mambo yakiharibika, unanyanyua mguu na kamba inaachia yenyewe.

Tairi: hapa usifanye mchezo

Hitilafu nyingi za njiani zitatoka hapa. Ukiwa na nafasi ya kujiandaa kwa jambo moja tu, jiandae kwa hili.

Kwanza jua kama matairi yako yana tyubu. Usikisie kwa kutazama spoki. Royal Enfield Himalayan ya cc 411 na Yamaha Ténéré 700 zinatumia tyubu. BMW R 1250 GS haitumii, hata ile yenye spoki. Vifaa vya aina moja havifai aina nyingine, na wapo wanaosafiri na vifaa vya pikipiki ya jirani.

Kama una tyubu, beba tyubu mbili za akiba, ya mbele na ya nyuma. Ikiwa kweli nafasi ni ya moja tu, chukua ya mbele. Tyubu nyembamba ya inchi 21 inaweza kuvutika ndani ya tairi la nyuma la 18 au 17 ikakufikisha mji unaofuata kwa mwendo wa pole. Tyubu pana ya nyuma haikubali kuingia mbele. Ukifika mji huo, itoe. Usiendelee nayo kwa sababu tu imevumilia siku ya kwanza.

Usiende na viraka peke yake. Tyubu iliyochanika kwa urefu, au iliyong'oka kwenye shina la valvu, haizibiki kwa kiraka chochote. Lakini viraka navyo beba, kwa sababu tyubu za akiba zinaweza kwisha asubuhi moja kwenye nchi ya migunga. Solusheni ya kubandikia huanza kukauka siku unayofungua kichupa chake, basi chukua vichupa viwili vidogo ambavyo havijafunguliwa. Sugua mpira kwa msasa hadi upoteze mng'ao, paka solusheni nyembamba, kisha subiri. Subiri hadi ikiguswa isishike kidole, dakika 5 hivi, ndipo ubandike. Wengi hubandika ikiwa mbichi, kiraka kinateleza, kisha wanalaumu kiraka.

Kabla ya kuweka tyubu nyingine, utafute mwiba. Mwiba wa mgunga hukatikia ndani ya tairi. Nje huoni kitu, lakini ncha yake imebaki ikisubiri tyubu mpya. Pitisha kitambaa polepole ndani ya tairi lote, mzunguko mzima, na pale kinaponasa ndipo penyewe. Usipitishe vidole vitupu kwa haraka. Usiseme "nitaangalia baadaye" kwa sababu jua linazama. Jua likizama na tyubu ya pili nayo imetoboka, utalala hapo.

Beba leva tatu za tairi, za urefu wa sentimita 25 hadi 30. Mbili hazitoshi: ya tatu ndiyo hushika ukingo usirudi wakati nyingine zinahama. Beba kipande cha sabuni ya kufulia cha kulainisha ukingo wa tairi, na poda kidogo ya kupaka tyubu isisuguane na mpira. Tairi likigoma kuingia, usiongeze nguvu. Simama utazame upande wa pili. Ukingo wa huko lazima uwe umezama kwenye bonde la katikati ya rimu. Ukikanyaga huko kwa goti hadi uzame, huku kutalegea na mikono miwili itamaliza kazi. Anayelazimisha kwa leva huitoboa tyubu mpya mwenyewe, na hajui mpaka atakapoijaza upepo.

Pampu. Ya umeme ya volti 12 ni nzuri, ibebe, lakini iwe na ya mkono au ya mguu pembeni yake. Usiweke maisha yako kwenye vichupa vya gesi. Kichupa cha gramu 16 hakijazi tairi la nyuma la pikipiki kubwa. Utahitaji kadhaa, na ukikosea kukaza valvu mara moja, gesi imekwenda na hairudi. Pampu ya mkono inachosha, lakini haiishi. Kipimo cha upepo nacho kiwemo. Kubonyeza tairi kwa kidole gumba si kupima.

Kwa matairi yasiyo na tyubu, beba ule msumari wa kukwaruzia tundu, ile sindano ya kusukumia, kamba za mpira za kutosha na wembe wa kukatia mabaki. Usizibe ubavu wa tairi. Kamba inashika pale tairi linapokanyaga barabara. Ubavu hujikunja kila mzunguko na kamba itachomoka ukiwa kwenye mwendo. Na hata wewe usiye na tyubu, beba tyubu moja. Rimu ikigonga jiwe na kupinda mdomo, tairi halitashika upepo tena, na hapo tyubu ndiyo itakayokutoa.

Cheni, kebo na leva

Beba kiungio cha cheni cha saizi ya cheni yako. Saizi imeandikwa kwenye cheni yenyewe: 428 ni ya pikipiki ndogo kama Boxer, 520 na 525 ni za pikipiki kubwa. Kiungio cha 428 hakiingii kwenye 520 hata uombe. Kichukue chenye klipu, maana cha kupondaponda kinataka mashine. Klipu ikae upande wake uliozibwa ukielekea cheni inakokwenda. Ukiigeuza, jiwe moja linatosha kuifyatua. Kama cheni yako ina ringi za mpira, kiungio nacho kiwe na ringi zake.

Cheni ikikatika kwenye mwendo, inaweza kujikunja mbele na kutoboa ganda la injini. Kwa hiyo la kwanza si kubeba kiungio, la kwanza ni kutoondoka na cheni iliyochakaa. Ivute kwa nyuma kwenye meno ya sproketi. Ikiachana na meno ukaona mwanga kati yao, imekwisha. Ibadilishe pamoja na sproketi zote mbili. Usiseme itafika Mbeya.

Kebo ya klachi ya akiba usiikunje mfukoni. Ipitishe kando ya ile ya zamani, kutoka usukani hadi kwenye injini, ifunge kwa tepu, ncha zote mbili uzifunike zisiingie maji na vumbi. Ya zamani ikikatika, mpya tayari iko mahali pake na unaunganisha ncha mbili tu.

Leva ya klachi na ya breki ya mbele beba moja moja, ni nyepesi. Halafu legeza kidogo bolti za vishikio vya leva hizo kwenye usukani, ziwe zimeshika bila kugota kabisa. Pikipiki ikianguka, kishikio kitazunguka badala ya leva kuvunjika.

Petroli na oili

Usiweke petroli kwenye chupa ya maji ya kunywa. Najua inauzwa hivyo barabarani, na najua kila mtu anafanya. Chupa ile hulainika, huvimba juani, kifuniko hupumua mvuke, na wewe umeifunga karibu na bomba la moshi. Tumia kopo la chuma au dumu lililotengenezwa kwa petroli, usilijaze hadi mdomoni, na lifungwe mbali na bomba la moshi, mahali ambapo pikipiki ikianguka halitakuwa la kwanza kugonga chini.

Hesabu umbali kwa theluthi mbili za tangi, si kwa tangi lote. Tangi la lita 15 linalotoa kilomita 28 kwa lita ni kilomita 420 kwenye karatasi. Ukibeba mzigo, ukakutana na mchanga na gia ya pili siku nzima, hesabu hiyo haipo. Weka 280 kichwani, na kituo kikiwa mbali kuliko hapo, beba dumu. Petroli unayoinunua kijijini kwenye chupa ichuje kwa kitambaa safi kabla haijaingia tangini, na itazame chini ya chupa: maji hukaa chini.

Oili beba nusu lita ya ile inayotajwa kwenye kitabu cha pikipiki yako, yenye alama ya JASO MA au MA2. Usijazie oili ya gari kwa kuwa ndiyo iliyopo. Baadhi ya oili za gari zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi ya pikipiki nyingi inaogelea kwenye oili hiyo hiyo ya injini. Klachi ikianza kuteleza kwenye mlima wa Kitonga, utashuka usukume.

Umeme

Beba fyuzi mbili za kila saizi iliyomo kwenye boksi lako la fyuzi. Usiweke fyuzi ya 30 mahali pa 10, na usizungushie karatasi ya sigara. Fyuzi ikiungua tena baada ya kubadilishwa, kuna waya umechubuka na kugusa chuma. Utafute, mara nyingi uko pale shingo ya usukani inapogeukia. Kwa hiyo beba mita ndogo ya umeme au taa ya kupimia, nusu mita ya waya na tepu ya umeme. Plagi moja ya akiba kwa kila silinda, na spana yake.

Wenye pikipiki za sindano wasikilize. Ile habari ya kusukuma pikipiki ikawaka ni ya kabureta. Pampu yako ya petroli inataka umeme. Betri ikiwa imekufa kabisa, kijiji kizima kinaweza kukusukuma mpaka jioni. Beba betri ndogo ya kuwashia ile ya mfukoni, ijae chaji kabla ya safari, na usiimalize kwa kuchajia simu.

Vitu vidogo vya mafundi wa vijijini

Nina heshima kubwa kwa mafundi wa bodaboda wa vijijini. Wanafanya kazi bila duka la vipuri na pikipiki zinatembea. Vifaa vyao beba: mikanda ya mpira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu, mita chache za waya laini wa kufungia, sabuni ya kipande. Mpira wa tyubu hufunga mzigo, hushika tochi, hubana bomba la maji linalovuja. Waya hushika bomba la moshi lililong'oka, plastiki ingeyeyuka. Sabuni ikisuguliwa ikiwa kavu kwenye ufa mdogo wa tangi huzuia petroli, kwa sababu petroli haiyeyushi sabuni.

Ongeza kamba za plastiki za kufungia, gundi ya chuma ya kuchanganya kwa ganda la injini lililotoboka, na bolti na nati chache za milimita 6 na 8, kwa maana barabara ya makorongo hufungua kila nati iliyo juu ya pikipiki. Zunguka kila jioni na spana mkononi.

Mwili wako

Usiweke bandeji chini ya mfuko wa spana. Damu haisubiri upakue. Huduma ya kwanza ikae juu, mahali ambapo hata mpita njia asiyekujua ataiona, kwenye mfuko mwekundu au wenye msalaba.

Ndani yake viwemo bandeji pana za kubana, shashi safi kwa wingi, glovu, mkasi unaokata jinzi na ngozi, bandeji ya pembetatu ya kuning'iniza mkono, plasta, dawa ya maumivu na mkanda wa kuzuia damu. Huo mkanda uwe wa kweli, wenye kijiti cha kukazia, usiwe kamba ya kiatu. Ni kwa mkono au mguu unaomwaga damu ambayo kubana kwa nguvu hakujaizuia. Ufunge sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, usiufunge juu ya kiungo, kaza hadi damu ikome, uandike saa uliyofunga, na usiulegeze. Atakayeulegeza ni daktari.

Usimvue helmeti aliyeanguka isipokuwa hapumui au anatapika na lazima njia ya hewa ifunguliwe. Hata hapo wanahitajika watu wawili, mmoja ameshika kichwa na shingo visicheze. Usimkalishe ili "apate hewa". Usimpe maji wala soda aliyeumia vibaya. Hayo matatu umati wa barabarani utayafanya kwa huruma yote, na wewe ndiye utakayewakataza kwa sauti.

Nyoka: usichanje, usinyonye, usifunge kamba. Usipoteze muda kumtafuta nyoka umuue. Kiungo kilichoumwa kisitembee, kifungwe kwenye kipande cha mti kama mfupa uliovunjika, pete na saa vivuliwe kabla hakijavimba, na mgonjwa apelekwe hospitali. Kifutu hupenda kulala kwenye njia na kwenye majani makavu, pale pale unapopiga magoti kutoa gurudumu. Vaa buti unapotengeneza, si kandambili.

Maji beba lita 3 kwa uchache, 5 kwa njia kama ya jangwa la Chalbi, na yasiwe kwenye chombo kimoja. Pakiti za ORS ziwemo. Kama zimekwisha, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi kwa lita 1 ya maji safi. Kwenye misitu ya mbung'o usivae bluu wala nyeusi, rangi hizo huwavuta.

Na baridi. Wengi hujiandaa kwa jua peke yake. Anayetoka joto la Ruaha Mbuyuni asubuhi, akapanda Kitonga, akafika Makambako jioni mwezi Juni akiwa ameloa, vidole vyake havishiki breki. Koti la mvua likae juu kabisa ya mzigo, na blanketi jepesi la foili liwe kwenye huduma ya kwanza. Vaa koti kabla mvua haijafika.

Kipi kikae wapi

Usibebe chuma mgongoni. Spana ndani ya begi la mgongoni, siku ukianguka chali, zinakutana na uti wa mgongo. Vyuma vikae chini na karibu na katikati ya pikipiki: chini ya kiti, mbele ya injini, au chini ya mabegi ya pembeni. Usivijaze kwenye boksi la nyuma lililo juu ya taa. Uzito wa huko hulegeza gurudumu la mbele na usukani huanza kutikisika kwenye mwendo. Boksi hilo lina kikomo cha uzito kilichoandikwa ndani yake; kisome.

Mwilini ubaki na vile utakavyovihitaji pikipiki ikiwa imetumbukia korongoni na wewe huifikii: simu, mkanda wa kuzuia damu, kiberiti cha gesi, filimbi, fedha taslimu, kitambulisho, na karatasi iliyoandikwa kundi lako la damu, dawa usizopatana nazo na namba ya ndugu. Namba hizo usiziache ndani ya simu yenye nywila. Namba ya dharura 112 inafanya kazi Tanzania na Kenya. Mtandao hautakuwepo kila mahali, kwa hiyo kabla ya kila kipande cha njia mwachie mtu ujumbe: naondoka hapa, napita pale, nisipopiga kufikia saa fulani anza kuuliza.

Kwa anayevuka mpaka, kadi halisi ya pikipiki na bima ya kadi ya njano ya COMESA viwe kwenye mfuko usioingia maji, nakala ziwe mfuko mwingine.

Ukiharibikiwa barabarani

Toa pikipiki kwenye lami kabla ya jambo lolote. Usitengeneze ukiwa juu ya bega la barabara kwa sababu hapo ni pagumu na stendi inasimama vizuri. Isukume hadi nje kabisa, na ukae upande ambao unayaona magari yanakuja. Vaa kizibao cha kuakisi mwanga, tena mchana. Weka pembetatu au taa ya kumetameta mbali nyuma yako, na kama ni kona, iwe kabla ya kona. Tochi iwe ya kichwani. Tochi ya mkononi inakuacha na mkono mmoja, na simu yako siyo tochi, utaihitaji kuongea.

Kama huna pembetatu, kata matawi uyapange kama madereva wafanyavyo. Matawi, si mawe. Usiweke mawe barabarani kwa sababu yoyote ile. Lori lililoharibika linaondoka alfajiri, mawe yake yanabaki kwenye lami ya rangi ile ile, na anayeyafikia usiku unaofuata ni mwendesha pikipiki. Matawi nayo uyaondoe mwenyewe yote kabla hujawasha injini. Na ukikuta mawe yaliyoachwa na mwingine, simama mahali salama, uyatoe, ndipo uendelee na safari.